Safari ya Kula Mashambani Italia: Yanayosemwa na Yaliyopo

Mtu aliyekulia Malindi au Watamu hudhani Italia anaijua. Waitaliano wako pale kwa miongo, pizza inaokwa kwa kuni, na vijana wa ufukweni wanapatana bei kwa Kiitaliano kilichonyooka. Lakini hiyo ni Italia ya hotelini. Ya mashambani haina chakula kimoja cha taifa. Kila bonde lina meza yake, na anayekwenda na menyu ya pwani kichwani ataanza kushangaa mlo wa kwanza.

Chukua dai la kwamba Waitaliano wote wanaishi kwa pasta, nyanya na mafuta ya zeituni. Panda kaskazini, bonde la mto Po, utapita mashamba ya mpunga yaliyofurika maji kuzunguka Vercelli na Novara, maana hakuna nchi ya Umoja wa Ulaya inayolima mpunga kuishinda Italia. Huko mezani huja risotto, wali mzito wa rojorojo, tena iliyopikwa kwa siagi. Na huja polenta, ambayo kwa kweli ni ugali: unga wa mahindi, mara nyingi wa njano, unaosongwa kwa mwiko juu ya moto kwa dakika 40 au zaidi. Mahindi yalitoka Amerika yakawa tegemeo la maskini wa Veneto na Lombardia, kiasi kwamba katika karne ya 18 na ya 19 waliokula polenta tupu mwaka mzima waliugua pellagra, ugonjwa wa kukosa vitamini B3 unaochubua ngozi na hatimaye kuvuruga akili. Leo polenta huja na uyoga, jibini au nyama iliyochemka polepole. Msafiri wa kwetu anayelalamika siku ya tatu kwamba amekosa ugali ameagiza vibaya tu.

Tambi za bolognese nazo usiziulizie Bologna. Wao hula mchuzi wao wa nyama, ragù, na tagliatelle, pasta pana ya mayai. Mwaka 1972 kipimo chake kilisajiliwa kabisa katika Chemba ya Biashara ya mji huo: upana wa milimita 8 ikishaiva. Na mchuzi wenyewe ni nyama iliyotiwa nyanya kidogo, si kinyume chake. Mkate wa Toscana usio na chumvi? Mwokaji hajasahau. Ndivyo ulivyo, na ukiula na nyama iliyokaushwa kwa chumvi au jibini la kondoo utaona sababu.

Sasa jibini. Wageni wengi hupanga kufika kiwandani alasiri, baada ya chakula, wakakuta sakafu inapigwa deki. Parmigiano Reggiano ni kazi ya asubuhi. Maziwa ya jioni hulazwa mpaka krimu ipande juu ienguliwe, kisha huchanganywa na maziwa ya alfajiri ndani ya mapipa ya shaba. Yakishaganda, fundi huyavunja kwa chombo kirefu cha nyaya hadi yabaki chembe ndogo, huyapasha moto kufikia nyuzi 55, halafu huziacha chembe zizame na kushikana. Hapo ndipo pa kusimama karibu: watu wawili wananyanyua kwa kitambaa bonge zito linalochuruzika maji, kisu kinapita katikati, na pipa moja limezaa majibini mawili. Kila moja limekula lita 550 hivi za maziwa na litakuwa na uzito wa kilo 40 hivi. Hukaa karibu wiki tatu kwenye maji ya chumvi, kisha rafuni si chini ya miezi 12, hadi mkaguzi aje na nyundo ndogo, aligonge huku na huku na kusikiliza kama ndani kuna nyufa. Fika saa 2 au saa 3 asubuhi, tena kwa miadi. Na lisichukuliwe kuwa jibini la popote: linaruhusiwa kutengenezwa Parma, Reggio Emilia, Modena, na sehemu za Bologna na Mantova tu.

Jirani yake ni siki ya balsamiki, ambayo wengi huamini ni moja, tofauti ikiwa bei. Zipo mbili. Ile ya kawaida ya Modena huchanganya siki ya mvinyo na maji ya zabibu, na hukaa angalau siku 60. Ile ya asili hutokana na maji ya zabibu yaliyopikwa tu, ikahamishwa kutoka pipa kubwa hadi dogo darini mwa nyumba kwa miaka isiyopungua 12, na ya daraja la juu 25. Chupa yake ni ya mililita 100, na humwagiwi, hudondoshewa.

Tartufo, ule uyoga wa chini ya ardhi wa Piemonte, hautafutwi na nguruwe kama katuni zinavyodai. Nguruwe huula na kuchimbua mizizi, hivyo kazi ni ya mbwa. Mafuta yanayouzwa kwa jina lake mara nyingi yamepata harufu maabara.

Kuna pia wanaosema Mwislamu hana cha kula huko. Si kweli, ila aulize. Mafuta ya nguruwe hujificha kwenye mikate ya piadina ya Romagna, nyama yake kwenye ragù, na Parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Kwa upande mwingine, Puglia wanaponda maharage ya fava na mboga chungu, Liguria wanaoka chapati nene ya unga wa dengu, na Sisilia hukaanga bilinganya kwa pasta. Binafsi naona meza hizo zinaishinda ya nyama.

Agriturismo, yaani malazi ya shambani kwa mkulima, nayo huchukuliwa kuwa hoteli yenye picha ya ng'ombe ukutani. Kisheria, tangu 1985, mwenyeji lazima awe mkulima, na kilimo kibaki ndiyo kazi kuu. Ndiyo maana chakula cha jioni kina saa yake, kwa kawaida kuanzia saa 1:30 usiku, na unakula kilichopo. Ukiona coperto kwenye bili mgahawani, hujaibiwa. Ni malipo ya kukaa mezani, na bahshishi si lazima.

Treni zitakufikisha Firenze na Bologna, lakini vilima vya Val d'Orcia, kule Toscana, vinahitaji gari, pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva. Miji ya kale ina maeneo yenye kamera ambako gari la mgeni haliruhusiwi, na faini hukufuata nyumbani kupitia kampuni ya kukodisha. Agosti, ambayo wengi huiona bora, ni ya joto kali, na karibu na tarehe 15 mikahawa mingi hufungwa. Vilima huwa kijani Aprili na Mei. Zabibu huvunwa Septemba, na tartufo mweupe hupatikana Oktoba hadi Desemba. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya huruhusiwa kuomba viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Italia, hadi miezi 6 kabla ya safari, kwa hiyo anayelenga Novemba aanze kukusanya makaratasi mwezi Mei.