Kichocheo yabisi: yabisi ndani ya nini?

Nimelisikia tena wiki hii: "Chokaa ni kichocheo yabisi, kwa sababu ni kitu kigumu." Aliyesema ni kijana hodari wa darasa langu la jioni hapa Chake Chake, na hakulitunga yeye, kalipokea kwa waliomtangulia. Basi tulitazame.

Kichocheo huharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kuisha. Kikiwa yabisi, hakichanganyiki na umajimaji. Kazi inafanyika usoni mwake. Mfano wangu wa kila siku ni glukosi kugeuka fruktosi. Zote mbili ni C6H12O6, zimetofautiana mpangilio tu. Besi, yaani kinyume cha asidi, kama chokaa, huichomoa glukosi protoni (haidrojeni iliyopoteza elektroni) kwenye kaboni ya pili, molekuli ikajipanga upya, ikatoka fruktosi, ambayo ni tamu zaidi. Haigeuki yote, zikikaribia nusu kwa nusu mambo husimama.

Sasa neno lenyewe. Yabisi tumelipata kwa Waarabu, na maana yake ya kwanza ni kavu. Ardhi yabisi ni ardhi iliyokauka. Baridi yabisi tunaijua sote, viungo vimekakamaa kama vilivyoishiwa mafuta. Ugumu umefuata nyuma ya ukavu, kwa kuwa kitu kikikauka hukakamaa. Vitabu vya sayansi vimeushika ugumu na kuuacha ukavu. Ukizungumzia jiwe, hakuna kilichoharibika. Ukizungumzia kichocheo kimeharibika kikubwa, maana kichocheo hakikai kikavu: kinatiwa ndani ya kiyeyushi, yaani umajimaji unaoyeyusha kinachogeuzwa.

Chukua chokaa ya tambuu, itie katika gilasi ya maji, iache itue. Nyingi itakaa chini. Yachote yale maji maangavu ya juu, yapulizie pumzi kwa mrija: yatageuka kama maziwa. Ni maji ya chokaa yaleyale tuliyoyachezea skuli, na kugeuka kwake kunaonesha kuwa chokaa imo humo ndani, ingawa huioni. Ukitia glukosi humo, itaanza kugeuka fruktosi bila kugusa hata chembe ya chini. Hapo yabisi iko wapi?

Oksaidi ya magnesiamu, unga mweupe ambao nao ni besi, ina tabia hiyo, kwa kiasi kidogo zaidi. Ndani ya maji uso wake hugeuka haidroksaidi, magnesiamu ikavuja kidogo kidogo, na sehemu ya kazi ikafanywa na kilichovuja. Maji pia hung'ang'ania zile sehemu za besi ambazo glukosi ingezifikia. Na besi haiishii kwenye fruktosi; huivunja sukari ikatoa asidi, kama asidi ya laktiki, na asidi hizo hukila kichocheo chenyewe. Wanaopima kwa uaminifu hukichuja kichocheo kati ya kazi, mchuzi ungali moto, kisha wakautazama mchuzi peke yake. Glukosi ikiendelea kugeuka, basi kichocheo kimo kwenye mchuzi.

Ukibadilisha kiyeyushi, hadithi inabadilika. Ethanoli haivujishi magnesiamu kama maji, lakini glukosi haiyeyuki humo ila kidogo sana. Daimethili salfoksaidi, kiyeyushi cha maabara, huiyeyusha glukosi vizuri, na kwa kuwa haina haidrojeni ya kuifunika besi, besi humo huwa kali kuliko ilivyo majini. Taabu yake ni kuitoa baadaye: huchemka kwenye nyuzi 189, na sukari huungua kabla ya hapo. Kwa hiyo anayekiita kiyeyushi "chombo cha kutilia tu" amekosea jambo kubwa. Chombo hakishindanii nafasi na kilichomo.

Kijana wangu sikumwambia amekosea. Chokaa mkononi mwake ni yabisi kweli, tena kwa maana zote mbili. Nilimwomba tu aiongeze sentensi yake maneno machache, aseme yabisi ndani ya nini, na kesho aje na karatasi ya kuchujia.