Whistler na wahakiki: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Vijiweni kwa wachongaji na wachoraji hapa Mtwara, James McNeill Whistler akitajwa, utasikia kwamba yule mchoraji Mmarekani wa London aliwaburuza wahakiki mahakamani akatoka tajiri. Nusu yake ni kweli.

Dhana: Kesi ilimtajirisha.
Mwaka 1877 John Ruskin, mhakiki aliyeogopwa Uingereza nzima, aliandika kwamba hakutegemea kusikia mtu akidai gini 200 (gini ni zaidi kidogo ya pauni moja) kwa kuwarushia watu kopo la rangi usoni. Mtu huyo alikuwa Whistler, na picha yenyewe ilikuwa ya fataki zikidondoka usiku katika bustani ya Cremorne, London. Whistler akamshtaki, akitaka fidia ya pauni 1,000. Novemba 1878 alishinda, akapewa farthing moja, yaani robo ya peni! Gharama zake za kesi alibebeshwa mwenyewe, na mwaka 1879 akafilisika.

Dhana: Jibu lake mahakamani lilikuwa mzaha.
Wakili wa Ruskin alimuuliza kama kazi ya siku mbili ndiyo anayoiombea gini 200. Akasema hapana, anaomba malipo ya ujuzi wa maisha yake yote. Sioni mzaha hapo. Mchongaji yeyote wa mpingo ameshaambiwa, "Kinyago cha siku mbili tu, kaka, laki ya nini?" Mteja anahesabu siku za kuchonga. Miaka ya kukaa chini ya mwembe ukimtazama mjomba anavyoshika tezo haimo kwenye hesabu yake.

Dhana: Walirushiana maneno uso kwa uso.
Ruskin hakufika, alikuwa mgonjwa. Mchoraji Edward Burne-Jones ndiye aliyekwenda kumtolea ushahidi.

Dhana: Silaha yake ilikuwa matusi.
Ulimi wake ulikuwa mkali, sawa, lakini pigo lake bora aliwaachia wahakiki wajipige. Mwaka 1883, kwenye maonyesho ya picha zake za kuchapwa za mji wa Venice, alitoa orodha ya kazi, na chini ya majina ya kazi hizo akachapisha maneno waliyomponda nayo magazetini. Mengine aliyapunguza na kuyapindisha ili yasikike ya kijinga zaidi, na mmoja wao akalalamika kwamba neno lake limebadilishwa. Hapo, kwa maoni yangu, mzee alicheza rafu.

Ile picha ya fataki aliiuza mwaka 1892 kwa gini 800. Leo iko kwenye jumba la sanaa la Detroit, Marekani.