Nguruwe amepauka, masikio ya bluu: tunavyodanganyana

Nguruwe akipauka na masikio yakawa ya bluu, wafugaji tunaambiana: "Mpige aivamektini (dawa ya minyoo na chawa), hao ni wadudu wa damu." Hapana jamani. Anayesumbua hapa ni Mycoplasma suis, zamani akiitwa Eperythrozoon suis na wengi wakimhesabu kama kimelea tu, ila vipimo vya vinasaba vilishaonyesha ni bakteria, tena hana ukuta wa seli, anajibandika juu ya chembe nyekundu za damu. Aivamektini itakuulia chawa, yeye haimgusi. Penisilini nayo bure, maana inashambulia huo ukuta asiokuwa nao! Inayomshika ni oksitetrasaiklini, kipimo akupangie daktari wa mifugo, na watoto walioishiwa damu wapewe madini ya chuma.

"Homa imeshuka, anakula, kapona." Hapa ndo wengi wanapigwa. Dawa inawapunguza bakteria, haiwamalizi, nguruwe anabaki nao kimya kimya halafu jike akishazaa tu, au akiugua kitu kingine, homa hiyo inarudi, maziwa yanakata, na wewe unadhani ni ugonjwa mpya kumbe ni ule ule.

"Hadubini haijaona kitu, basi hana." Wakati wa homa kali kweli wanaweza kuonekana, ila aliyebeba bila dalili mara nyingi haonekani kabisa, na mtu asiyezoea anaweza kuona uchafu wa Giemsa, rangi ya kupaka damu ili vijidudu vionekane, kwenye kioo akasema ndo wenyewe. PCR, yaani kipimo cha kutafuta vinasaba vya bakteria, ndo ya kuaminika. Kitu kingine, damu ya mgonjwa ukiitia kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda, ikipoa inaweza kufanya punjepunje kwenye ukuta wa chupa, ukiipasha hadi joto la mwili zinapotea, usiimwage ukidhani imeharibika, hiyo nayo ni dalili.

Na masikio ya bluu siyo lazima uwe ugonjwa huu wa Mycoplasma, homa ya nguruwe ya Afrika nayo inaweza kuanza hivyo hivyo na haina tiba, kwa hiyo kabla ya kuchoma sindano yoyote ita daktari achukue sampuli.

"Mbu ndo wanaleta." Mbu wamo, chawa na nzi wanaouma pia, sawa, lakini mbona hatujitaji sisi wenyewe? Sindano moja banda zima, wembe ule ule wa kuhasi, koleo la mkia na la hereni linatoka kwa huyu linaingia kwa yule na damu bado mbichi. Majike na madume badilisha sindano kila mmoja, watoto angalau kila uzao, na vifaa visafishwe damu yote itoke kwanza ndo vitiwe dawa ya kuua vijidudu, maana dawa juu ya damu iliyoganda haifiki popote.