Vifo vya UVIKO-19 Marekani: Je, Ni Damu ya Mtu Mweusi?

Tangu takwimu za mwaka 2020 zilipoonyesha kuwa Wamarekani Weusi walikuwa wakifa kwa UVIKO-19 kwa kiwango kikubwa kuliko Wazungu, wapo wanaodai kwamba damu yao huganda upesi kwa maumbile, na kwamba hilo ndilo lililowaua.

Ni kweli kwamba virusi vya korona hudhuru utando wa ndani wa mishipa na kusababisha mabonge ya damu yanayoweza kuziba mapafu, lakini hayo humpata mgonjwa mahututi wa rangi yoyote. Ni kweli pia kwamba Wamarekani Weusi hupata mabonge hayo zaidi hata pasipo korona. Hata hivyo, kasoro ya kurithi ya kugandisha damu iitwayo Fakta V Leiden hupatikana kwa takriban 5% ya watu wenye asili ya Ulaya na ni adimu kwa Waafrika, jambo ambalo wenye dai hili hawalitaji.

Pengo lilichangiwa zaidi na kazi zisizofanyika nyumbani, makazi yenye msongamano, ukosefu wa bima, na hata vifaa vya hospitali. Utafiti uliochapishwa Desemba 2020 ulibaini kuwa kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, ambacho mwanga wake huathiriwa na rangi ya ngozi, kilikosa kugundua upungufu kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa Wazungu: kifaa kilisoma asilimia 92 hadi 96, ilhali oksijeni halisi katika damu ilikuwa chini ya asilimia 88. Mgonjwa wa namna hiyo angeweza kuonekana hahitaji oksijeni.