Nyota Nane za Alaska: Bendera Iliyobuniwa na Mwanafunzi

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuchunguza bendera na nembo, na kila ninapoulizwa alama ipi ya jimbo la Marekani ninaithamini kuliko zote, hutaja bendera ya Alaska. Majimbo mengi ya nchi hiyo yaliuchukua muhuri wa serikali, yakauweka juu ya kitambaa cha buluu, yakaridhika. Kwa hiyo bendera zao zikitazamwa kwa mbali, hata mimi niliyezizoea hupata tabu kuzitofautisha.

Bendera ya Alaska ina nyota nane za dhahabu juu ya buluu, basi. Saba ni za kundi la Dubu Mkubwa, na ya nane, iliyo kubwa kuliko nyingine, ni ile ambayo mabaharia wa pwani yetu waliiita Jaa, yaani Nyota ya Kaskazini. Mtu aliyeko Unguja huweza kumwona Dubu chini upande wa kaskazini, lakini Jaa haionekani kwake kamwe. Nahodha aliyeelekea Omani ndiye aliyeiona ikichomoza na kupanda kadiri chombo kilivyosonga mbele. Alaska, nyota hiyo hukaa juu sana angani.

Aliyeibuni bendera hiyo ni Benny Benson, mwanafunzi mwenye asili ya Kialeuti (wenyeji wa visiwa vya kusini-magharibi mwa Alaska) kwa upande wa mama, aliyefiwa na mama huyo akiwa mdogo na kulelewa katika nyumba ya yatima, ambayo baadaye ilihamia mji wa Seward. Mchoro wake ulishinda shindano la wanafunzi na kupitishwa na baraza la kutunga sheria mwaka 1927. Katika maelezo aliyoyaambatanisha alisema kwamba buluu ni anga la Alaska na pia ua dogo la porini ambalo jina lake lina maana ya "usinisahau", Dubu ni nguvu, na Nyota ya Kaskazini ni mustakabali wa jimbo la Alaska. Neno "jimbo" hunigusa kila ninaposoma maelezo hayo, kwa sababu wakati huo Alaska, iliyonunuliwa kutoka Urusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, haikuwa jimbo bado. Ilipata hadhi hiyo tarehe 3 Januari 1959, ikawa la 49. Benny alizawadiwa saa ya dhahabu na dola 1,000, na fedha hizo baadaye zilimsaidia kusomea ufundi wa injini za dizeli.

Muhuri wa Alaska, uliochorwa mwaka 1910, una milima, treni, meli, miti, mkulima na samaki. Ni kumbukumbu nzuri ya uchumi wa wakati ule, na ninashukuru kwamba haukuwekwa kwenye bendera.

Ndege rasmi wa jimbo ni wa jamii ya kwale, ambaye manyoya yake hugeuka meupe wakati wa baridi. Mdudu rasmi wa jimbo ni kereng'ende. Kisukuku rasmi, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, ni cha mamothi, mnyama wa jamii ya tembo aliyekwisha kutoweka. Mchezo rasmi, tangu 1972, ni mbio za mbwa wanaokokota sleji (chombo cha kuteleza juu ya theluji), na uteuzi huo una uzito wake: mwanzoni mwa 1925, dondakoo ilipouvamia mji wa Nome, waendeshaji 20 walipokezana dawa kwa sleji za mbwa, wakaifikisha kwa siku tano na nusu hivi, katika safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwenye baridi kali.

Alama ya karibuni ninayoipenda haichorwi popote. Mwaka 2014 sheria ilizitambua lugha 20 za wenyeji kuwa lugha rasmi za jimbo pamoja na Kiingereza. Mojawapo ni Kieyak, ambacho mzawa wa mwisho aliyekizungumza tangu utotoni, Marie Smith Jones, alikuwa amefariki mwaka 2008.