Kumuunda Mchezaji Kamili wa Tenisi: Nisingeanzia kwenye Servisi

Nikiwapa wanafunzi wangu zoezi la kumuunda mchezaji kamili wa tenisi, kwa kuchukua kutoka kwa kila bingwa kile alichowazidi wenzake, jibu la kwanza huwa ni lile lile: servisi (mpigo wa kuanzisha kila alama) ya Ivo Karlović au ya John Isner. Siwashangai. Karlović ana urefu wa mita 2.11 na Isner mita 2.08, na kila mmoja alipiga zaidi ya servisi 13,000 ambazo mpinzani hakuzigusa. Hata hivyo wote wawili walistaafu bila taji la mchezaji mmoja mmoja la Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa zaidi ya tenisi, kwa kuwa urefu uleule uliowapa servisi uliwachelewesha kuinamia mpira wa chini na kugeuka walipokimbizwa pembeni. Uwezo wa mchezaji hauchomoki peke yake kama betri ya tochi. Huja na mwili ulioubeba.

Kwa hiyo mimi ningeanza na kurudisha servisi, maana nusu ya gemu (vipande vinavyounda seti) mtu huzicheza akiwa mpokeaji. Andre Agassi alisimama karibu na mstari wa nyuma na kuupiga mpira ukiwa bado unapanda, jambo lililomnyima mpinzani muda wa kujipanga. Namhusudu, lakini ningemchagua Novak Djokovic, ambaye hata akibahatisha upande usio sahihi hujinyoosha na kuurudisha mpira hadi miguuni pa aliyeupiga.

Servisi yenyewe ningeichukua kwa Serena Williams, mwenye urefu wa mita 1.75 tu. Siri yake ni mrusho: mpira ulipanda mahali palepale, awe analenga pembeni au katikati, hivyo mpokeaji hakupata cha kusoma. Mazoezini huwa naweka raketi chini, mbele kidogo ya mguu wa mbele wa mwanafunzi, kisha namwambia arushe mpira bila kuupiga na auache udondoke juu ya nyuzi. Watu wazima wenye mabega ya kutisha hushindwa mara tatu mfululizo.

Ugumu unaanzia kwenye fohendi, mpigo wa upande wa mkono unaoshika raketi. Vipimo vya kamera za kasi viliwahi kuonyesha kwamba mpira wa Rafael Nadal ulizunguka kwa wastani wa karibu mara 3,200 kwa dakika, ilhali wa Agassi na wa Pete Sampras ulikuwa chini ya 2,000. Mpira wa namna hiyo hutua ndani ya mstari kisha huruka hadi juu ya bega la mpinzani. Lakini mshiko wake na mzungusho ule mrefu wa mkono vinadai muda, na ndiyo maana Nadal alipokea servisi akiwa mbali nyuma ya mstari, mahali ambapo Djokovic wetu hataki kusimama. Ningekubali basi mchezaji wangu awe na fohendi mbili: fupi ya kupokelea, na ndefu ya Nadal mpira ukishatulia.

Ningeiba pia mkono wake wa kushoto. Nadal huandika kwa mkono wa kulia ingawa alicheza kwa wa kushoto, na huo wa kulia ndio ulioipa nguvu bekihendi yake (mpigo wa upande wa pili wa mwili) ya mikono miwili. Zaidi ya hayo, alama za 40-30, 30-40 na kila edvanteji (uongozi wa alama moja baada ya sare ya 40-40) ya mpigaji au ya mpokeaji huanzia upande wa kushoto wa anayepiga servisi, na kutoka hapo servisi ya kushoto inayokata pembeni humtoa nje ya kiwanja mpinzani wa kulia, tena kwenye bekihendi yake.

Voli, yaani mipigo ya mpira kabla haujagusa chini, ni za Stefan Edberg, wala sitabishana na mtu. Miguu ni ya Steffi Graf.

Inabaki akili, yaani utulivu kwenye alama za kuamua. Katika fainali ya Wimbledon ya 2019, Roger Federer alikuwa akipiga servisi akiongoza 8-7, 40-15 katika seti ya tano, yaani akiwa na nafasi mbili za kumaliza mechi. Kwa jumla ya mechi alipata alama 218 dhidi ya 204 za Djokovic, na bado akashindwa seti hiyo 13-12. Nafasi yake ya pili ya ubingwa ilikuwa 40-30, upande uleule wa kushoto. Mchezaji wangu angekuwa na ile servisi ya kushoto inayokata pembeni ambayo Federer, mtu wa mkono wa kulia, hakuwa nayo. Ila aliyekuwa akiisubiri ng'ambo ya wavu ni Djokovic.