Tamthilia nzito sio za watu wazima tu

Hapa Bagamoyo, mji wenye chuo cha sanaa tangu 1981, bado unasikia watoto wa sekondari wapewe vichekesho tu, tamthilia nzito hawaziwezi, na Shakespeare, yule mwandishi wa tamthilia wa zamani wa Uingereza, ndo kabisa eti ni wa maprofesa. Jamani sio kweli. Enzi zake kule London wanawake hawakuwa wanapanda majukwaa ya kulipia, kwahiyo nafasi za kike, malkia na mabinti, walikuwa wanacheza vijana wa kiume wanaojifunza kazi, wengi rika hilohilo la wanafunzi wetu, na Juliet mwenyewe kwenye mchezo wake wa Romeo na Juliet hajatimiza hata miaka 14. Lugha nayo isiwe sababu, Mwalimu Nyerere alishatutafsiria mchezo wake mmoja, Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, na mwaka huohuo Ebrahim Hussein akatoa Kinjeketile, tamthilia ya Kiswahili kuhusu vita vya Maji Maji, wape hiyo uone wanavyobishana. Kinachowachosha ni kukaririshwa mchezo mzima, sasa wewe chukua onyesho moja la dakika 10, lisomeni kwa sauti mkiwa mmesimama, waulize huyu anataka nini na nani anamzuia, maneno magumu wataanza kuyaelewa wenyewe wakishasogea.